Muulize Mama Kwanza: Kwa Wanaoanza Kazi ya Kinga ya Wadudu

Mvua ya masika ikianza Nairobi, lazima nimpate mwanafunzi mgeni akiingia maabara na shingo kaikunja upande kama aliyelalia mto vibaya. Nikimwambia ageuke naona mstari mwekundu wenye malengelenge, mrefu kama kidole, kana kwamba kachapwa na waya wa moto. Hajachapwa. Usiku alihisi kitu kinamtambaa shingoni, akakipiga kofi. Kitu chenyewe ni yule mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi kwa mapande, ambaye hata ng'ambo wanamwita kwa jina la jiji letu. Wanasayansi wanamwita Paederus. Hang'ati wala hadungi. Sumu yake, pederini, imo mwilini mwake, na anayeimwaga ni wewe unapomponda. Siku nyingine mpulize tu, aende zake.

Shingo hiyo huwa siiachi ipite bure. Sumu ya Paederus haitengenezwi na mdudu mwenyewe, bali na bakteria wanaoishi ndani ya majike, na jike huitia kwenye mayai yake. Buu akianguliwa kutoka yai la namna hiyo, buibui akimkamata humwachilia. Basi namuuliza mgeni wangu, huku anajipaka mafuta ya kutuliza: huyo buu amerithi kinga? Karibu wote hujibu ndiyo. Hapo ndipo tunaanza kazi.

Buu huyo amerithi ulinzi. Kinga ni kitu kingine. Kinga ni mwili wa buu mwenyewe kumtambua adui na kupigana naye, na swali letu katika kazi hii ni kama mwili huo unapigana vizuri zaidi kwa sababu mama yake, au baba yake, aliwahi kukutana na adui yule. Ukichanganya haya mawili utaandika ripoti nzuri ya kitu ambacho hukukipima.

Mama wa wadudu wana mengi ya kuwapa watoto, na huku kwetu mifano haiko mbali. Mwaka 2020 watafiti wa icipe, kile kituo cha wadudu kilichoko Kasarani, walieleza kiumbe kidogo wa jamii ya kuvu waliyempa jina Microsporidia MB. Anaishi ndani ya mbu Anopheles arabiensis, anamzuia asibebe vimelea vya malaria, na mama humpitisha kwa watoto. Mtoto wa mbu huyo amepata mpangaji. Hajafundishwa chochote na mama.

Mbung'o ndiye anayenisumbua zaidi, kwa sababu kwake mpaka wenyewe unafifia. Jike halitagi mayai. Hubeba buu mmoja tumboni, humnyonyesha maziwa huko huko ndani, kisha humzaa akiwa mkubwa tayari kujichimbia udongoni. Katika maziwa hayo mna bakteria aitwaye Wigglesworthia. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba mbung'o waliokulia tumboni bila bakteria huyo hukomaa na kinga dhaifu, chembe zao za damu zikiwa chache kuliko kawaida. Sasa hapo amerithi nini? Mpangaji, au kinga? Mimi husema vyote viwili, na kila mwaka hupata mtu wa kunibishia. Kidogo tu nje ya mada: bakteria huyo alipewa jina la Vincent Wigglesworth wa Cambridge, ambaye ndiye aliyemfundisha Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeanzisha icipe mwaka 1970. Dunia ya wadudu ni kijiji.

Turudi kwenye kinga yenyewe. Mliofuga ng'ombe nyumbani mnajua ndama asiponyonya dang'a siku ya kwanza kinachomngoja. Mama humpa kingamwili zilizo tayari. Mdudu hana kingamwili hata moja, kwa hiyo hana dang'a ya namna hiyo ya kutoa. Alicho nacho ni chembe za damu zinazomeza vijidudu, rangi nyeusi ya melanini inayomfunika adui na kumbana, na peptidi, yaani protini fupi, zinazotoboa bakteria. Kwa silaha hizo chache, vitabu vya zamani vilihitimisha kwamba mdudu hakumbuki ugonjwa, sembuse kumwachia mtoto kumbukumbu.

Imani hiyo ilianza kutikisika mwaka 2003 kwa kiroboto wa maji, Daphnia magna, ambaye si mdudu bali ni ndugu wa kamba na kaa: watoto wa mama aliyekutana na aina fulani ya bakteria walistahimili aina ile ile vizuri zaidi. Mwaka 2005 ikaonekana kwa nyuki wa jamii ya Bombus, wale wanene wenye manyoya ambao hapa kwetu hawapo (huyo mweusi anayetoboa mbao za paa lenu ni mwingine kabisa). Mwaka 2006 ikafika kwa mbawakawa wa pumba, Tenebrio molitor. Mwaka 2010 likaja lililowashangaza wengi: kwa mbawakawa mwekundu wa unga, Tribolium castaneum, hata baba hupitisha, ingawa hatoi zaidi ya shahawa. Kisha mwaka 2015 tukaonyeshwa, kwa nyuki wa asali, njia moja ambayo mama anaitumia. Protini ya kiini cha yai, vitelojenini, hushika vipande vya bakteria waliokufa na kuvibeba hadi ndani ya yai. Yaani mama hatoi silaha. Anatoa kipande cha adui, na mtoto anazaliwa akiwa ameshaonyeshwa sura ya mwizi.

Kwa hiyo jaribio letu likiwa limenyooka ni hivi: unamdunga mzazi bakteria waliokufa (huko ndiko tunakoita kumtayarisha), unasubiri atage, unalea watoto, kisha unawadunga watoto bakteria walio hai na kuona nani anapona. Likielezwa ubaoni linachukua dakika 3. Ugumu wake ni kwamba makosa yote yanatendeka kwa wazazi, na wewe unayaona kwa watoto wiki nyingi baadaye, wakati wazazi wameshatupwa na huwezi kuwauliza kitu. Yangu nitawasimulia, maana yalinigharimu miezi.

Nilikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Bakteria wetu alikuwa Bacillus thuringiensis. Niliwaotesha Alhamisi, kisha ikaja wikendi ndefu ya Madaraka, nikawaacha kwenye chupa hadi Jumanne. Jumanne asubuhi nikawatia kwenye maji ya moto nusu saa niwaue. Maelekezo yalisema nyuzi 95. Kipimajoto kiligoma kwenye 94 na maji yakawa yanatokota. Nikadhani kipimajoto kibovu. Hakikuwa kibovu: Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na maji hapa huchemka kabla ya kufika 95. Lakini hilo lilikuwa kosa dogo. Kosa kubwa ni kwamba Bacillus akikaa siku kadhaa bila chakula kipya hutengeneza spora, kama mbegu zenye ganda gumu, na spora haziulizi kama maji ni nyuzi 94 au 100. Zinavumilia. Nikachukua mbawakawa wa unga, majike, nikawadunga mmoja mmoja kwa pini iliyochovywa kwenye matope ya bakteria wangu "waliokufa".

Kufikia Alhamisi wengi walikuwa wamelala chali. Na hapa ndipo ninapoona aibu hadi leo: sikusimama. Nilijiambia labda nilidunga kwa nguvu sana. Nikawachukua wale wachache waliobaki, nikawapa madume, nikakusanya mayai, nikalea watoto. Watoto wale walikuwa hodari ajabu. Nikiwadunga Bacillus hai, walipona kuliko kundi jingine lolote mle chumbani. Nilichora grafu. Nilimpelekea daktari tuliyekuwa tukifanya kazi chini yake, nikiwa nimevaa shati safi.

Aliitazama grafu kwa muda. "Bakteria wa kuwadunga wazazi uliwaua?"

"Ndiyo, daktari."

"Uliwapanda kwenye agari uone kama wamekufa?"

Nikanyamaza. Agari ni ile jeli ya kuoteshea bakteria; aliye hai huota pale.

"Wazazi wangapi walikufa?"

Nikamwambia. Akaweka grafu mezani. "Wewe kwenu mnafuga ng'ombe?"

"Tunafuga."

"Ndigana ikipita bomani, ng'ombe wote wafe abaki mmoja, halafu ndama wa huyo mmoja naye aikatae ndigana. Utasema mama alimchanja tumboni?"

Sikuhitaji kujibu. Sikuwa nimeitayarisha kinga ya mtu. Nilikuwa nimewachuja wazazi dhaifu wakafa, nikazalisha kutoka kwa wenye jeni ngumu, kisha nikawashangaa watoto kwa kufanana na mama zao. Uteuzi na kurithishwa kinga vinatoa grafu ile ile, na kwa grafu peke yake huwezi kuvitofautisha. Unavitofautisha kwa kuhesabu wazazi waliokufa, hesabu ambayo watu wengi hawaiandiki kwa sababu wanaona si sehemu ya matokeo.

Tangu siku hiyo utaratibu wangu haujabadilika. Bakteria wawe wa usiku mmoja tu, wanaokua. Baada ya kuwaua, tone moja liende kwenye agari, na hakuna mdudu anayeguswa hadi kesho yake nione sahani iko tupu. Kwenye daftari, ukurasa wa wazazi una safu ya vifo, na kama vifo vya kundi lililodungwa bakteria vinazidi vile vya kundi lililodungwa maji ya chumvi, tunasimama tujiulize kabla ya kukusanya yai hata moja. Kundi la maji ya chumvi lisikukose kamwe, kwa sababu kidonda peke yake huamsha kinga. Ngozi ya mdudu ikitobolewa, chembe za damu hukimbilia pale hata kama pini ilikuwa safi. Na muwe na kundi la tatu ambalo halikuguswa kabisa.

Kuhusu ndoa. Jike la mbawakawa wa unga huhifadhi shahawa mwilini na kuzitumia muda mrefu baadaye. Ukichukua jike kutoka kwenye kopo la pamoja, ameshaolewa, pengine na madume kadhaa, na hujui watoto ni wa nani. Kama swali lako ni la baba, umekwisha. Kwa hiyo tunawatenga wakiwa pupa, hatua ya kati ya buu na mdudu mzima, kabla hawajapata miguu ya kutembelea. Pupa ana urefu wa punje ya mchele iliyovunjika. Mlaze chali chini ya darubini, usimbane, mguse kwa brashi laini ya kuchorea. Angalia upande wa tumbo, mwisho kabisa karibu na mkia, kabla ya zile ncha mbili. Jike ana vidole viwili vidogo vilivyosimama kando kando, kama ncha za glavu ya mtoto. Dume ana vijivimbe tu. Wiki ya kwanza utakosea, kila mtu hukosea. Kuna kijana aliyenitengea kopo zima la "majike", na baada ya mwezi mmoja halikuwa na buu hata mmoja, jambo lililokuwa sahihi, ila kopo la "madume" lilikuwa limejaa watoto. Tulicheka, tukaanza upya. Hasara yake ilikuwa mwezi mmoja, nafuu kuliko yangu.

Jambo jingine kuhusu mbawakawa huyu: ana tezi zinazotoa kemikali ya kwinoni. Kopo likiwa na wengi, fungua kifuniko utaisikia, harufu kali ya kukwaruza koo, na unga wenyewe huanza kugeuka rangi ya waridi. Kwinoni hizo huzuia vijidudu kuota kwenye unga. Fikiria maana yake kwa jaribio letu. Ukimwacha mama atage na watoto wakulie kwenye unga ule ule, umewaacha ndani ya nyumba iliyopigwa dawa na mama. Wakipona, ni kinga ya mwilini au ni dawa ya nyumbani? Tena mbawakawa wazima hula mayai. Ndiyo maana tunawapa wazazi unga mpya, tunawaacha wakatage siku 1, au 2 zikizidi, tunawatoa, kisha tunachekecha mayai na kuyaweka kwenye unga ambao haujakanyagwa na mtu. Yai hutoka limevaa unga kama kitumbua kidogo, kwa sababu lina gundi. Chekecheke yenye matundu madogo sana ndiyo rafiki yako, na usiisafishe kwa sabuni yenye manukato.

Chakula ni unga wa ngano na hamira kidogo, sehemu 5 kwa 100. Mbawakawa wa pumba tunamlisha pumba za ngano na kipande cha karoti kwa ajili ya maji. Karoti ioshwe na kumenywa. Pumba nunueni gunia moja la kutosha jaribio zima, msinunue leo hapa na mwezi ujao kule, kwa maana mama aliyekula vizuri hutaga mayai yenye afya zaidi, na hiyo nayo ni zawadi isiyo kinga. Pumba mpya zisiende kwa wadudu wote kabla ya kuonjwa na 20 hivi kwa wiki moja. Wakati fulani tuliletewa gunia ambalo huko lilikotoka lilikuwa limekaa na nafaka iliyotiwa dawa ya kuhifadhi. Tuliamka tukakuta trei nzima kimya. Gunia likipita mtihani wa onja, ligandishwe kwenye friza siku kadhaa ili utitiri ufe.

Stima ni habari nyingine. Inkubeta yetu ya Tribolium iko kwenye nyuzi 30, na Julai ya Nairobi usiku inaweza kushuka hadi 11 au 12. Stima zikipotea saa 4 za usiku zirudi alfajiri, wewe ukija asubuhi unakuta kila kitu kiko sawa, taa ya kijani inawaka. Wadudu wamelala baridi na hakuna aliyekwambia. Nunueni kipimajoto kinachohifadhi joto la juu na la chini kabisa lililofikiwa, ni bei ya chakula cha mchana mara chache, mkiweke ndani, na kila asubuhi mtu aandike kabla hata ya kuvua koti. Na msiwapange kundi moja rafu ya juu na kundi jingine rafu ya chini. Juu kuna joto zaidi. Changanyeni, mbadilishe nafasi kila siku mbili. Nimeona tofauti ya "kinga" iliyokuwa tofauti ya rafu.

Sasa hesabu, hapa ndipo vijana wenye digrii nzuri huanguka. Mtu anakuja na mabuu 200, amefurahi, sampuli kubwa. Namuuliza mama ni wangapi. Anasema 4. Basi una sampuli ya 4. Mabuu 50 wa mama mmoja ni ndugu wa tumbo moja, wamekula kiini kile kile cha yai, na ulichokifanya ulimfanyia mama, si wao. Ni heri mama 40 na mabuu 5 kwa kila mmoja. Kazi ya kudunga ni nyingi zaidi, ndiyo, na mgongo utauma. Kila kijichupa kiwe na namba ya mama, na takwimu zimhesabu mama.

Anayedunga watoto na anayehesabu waliokufa asijue ni kundi gani. Tunatumia namba za siri, karatasi ya tafsiri inakaa kwenye bahasha. Si kwamba namshuku mtu wizi. Ni kwamba mdudu anayekaribia kufa husogeza mguu mmoja, na jicho lenye matumaini huuona mguu ule likasema yuko hai.

Mbawakawa wa unga ni mdogo mno kumtoa damu ya kutosha, kwa hiyo vipimo vya damu tunafanya kwa yule wa pumba. Mpoze kwanza kwenye barafu atulie, mtoboe pembeni, ukusanye tone kwa mrija mwembamba wa kioo. Damu ya mdudu huyu si nyekundu, haina cha kuipa wekundu. Inatoka angavu, na unjano kidogo. Iache mezani uitazame: baada ya dakika chache inakolea kama turungi, halafu inakuwa nyeusi tii. Weusi huo ndio melanini, na ni kazi ya kimeng'enya cha fenoloksidezi. Inapendeza kuitazama mara moja. Ikitokea kwenye sampuli yako ujue umechelewa, umeipoteza. Damu iende kwenye barafu papo hapo.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha sahani. Unamwaga agari iliyochanganywa na bakteria, unatoboa vishimo, unatia damu ya kila buu kwenye kishimo chake, unaacha siku 1 au 2. Sahani hugeuka ukungu kwa bakteria walioota, isipokuwa pale damu ilipokuwa na peptidi kali: pale panabaki duara safi kama mwezi uliozungukwa na mawingu. Unapima upana wa duara. Watoto wa mama aliyetayarishwa wanaweza kuwa na duara pana, na wengine wasiwe na duara kabisa. Andika hao wasio na duara pia. Sifuri ni namba.

Na sifuri zitakuja. Msiingie kazini mkidhani kila mdudu anarithisha kinga. Mwaka 2008 kuna waliojaribu kwa mbu Aedes aegypti, wakaamsha melanini ya mama, na hawakuona tofauti kwa watoto. Hata pale jambo lilipo, lina gharama. Kwa wale nyuki wa Bombus, mwaka 2009 iligundulika kwamba watoto wa mama aliyetayarishwa dhidi ya bakteria walikuwa rahisi zaidi kushikwa na kimelea kingine cha utumboni, Crithidia. Mama amewaandaa kwa adui mmoja, mlango wa pili ukabaki wazi. Mimi naona swali la gharama ndilo tamu zaidi katika fani hii, na ndilo wanafunzi hulikimbia kwa sababu linataka muda mrefu. Mwenye miaka 2 ya kukaa nasi, alichukue.

Mtaulizwa pia na watu wa nje, hasa wafugaji wa nyuki. Januari 2023 zilienea habari kwamba Marekani imetoa kibali cha masharti kwa chanjo ya nyuki ya kampuni ya Dalan, dhidi ya ugonjwa unaoozesha watoto wa nyuki, unaoletwa na bakteria Paenibacillus larvae. Kazi yake ni haya haya tunayofanya hapa. Bakteria waliouawa huchanganywa kwenye chakula cha nyuki vibarua, vibarua huwapitisha kwenye jeli ya kifalme, malkia hula, vipande hufika kwenye mayai, na watoto wanaoanguliwa huwa wagumu zaidi kushikwa. Malkia hadungwi. Hilo huwafurahisha wengi, kwani wanapowaza chanjo wanawaza sindano.

Mzee mmoja wa Kitui, mwenye mizinga ya magogo isiyopungua 60, alinipigia simu siku chache baada ya kuisikia redioni. Nilimweleza kwa kirefu, malkia, jeli, yai, kipande cha bakteria. Alisikiliza kwa heshima hadi mwisho.

"Nimekuelewa, mwanangu. Kwa hiyo hiyo chanjo haitamzuia nyegere?"

"Hapana, mzee. Nyegere hapana."

"Na siafu?"

"Hata siafu, mzee."

"Na nondo wa nta?"

"Huyo pia hapana. Ni ya ugonjwa mmoja tu, na kwanza tujue kama nyuki wako wanaugua huo."

"Basi wewe endelea kusoma," akaniambia. "Ukipata ya nyegere nipigie."

Nilicheka, lakini niliandika alichosema kwenye daftari. Alikuwa ameuliza swali sahihi kuliko wanafunzi wengi: ni adui gani, hasa? Mnapoandika "watoto walikuwa na kinga", nitawauliza kwa sauti ya yule mzee. Dhidi ya nani? Bakteria yule yule aliyedungwa mama, au wengine pia? Mlimjaribu mwingine?

Jumatatu mnaoanza njooni saa 2 kamili, si saa 2 na robo, na mje na penseli mbili kila mmoja. Kalamu za wino acheni kwenye mkoba. Tunafuta meza kwa spiriti siku nzima, na spiriti ikigusa lebo ya wino, namba ya mama inaondoka. Namba ya mama iandikwe juu, namba ya baba chini yake, tarehe ya mayai pembeni, na lebo iingie ndani ya kijichupa, isibandikwe kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.